Herufi P Chini ya Fremu: Kusoma Namba za Baiskeli Kongwe za Milimani

Baiskeli iliyonifundisha kusoma namba ilikuwa imepakwa rangi ya bluu, ile nzito inayopakwa milango. Niliinunua hapa Dar es Salaam kwa muuzaji wa mitumba, siku waliyokuwa wakishusha kontena. Baiskeli zilitoka ndani zimelazwa na kufungwa pamoja kama mzigo wa kuni, pedeli zimeng'olewa na sukani zimepindwa pembeni zisile nafasi. Hii yangu haikuwa na jina popote. Ilikuwa na fremu ya chuma iliyoungwa kwa viungio, magurudumu ya inchi 26, uma wa mbele usio na springi na tairi zenye vijino vilivyokwisha kulika. "Hii ya Mjapani, kaka, hii haifi," muuzaji aliniambia, nami nikalipa bila kubishana sana kwa sababu nilikuwa nimeshaona jinsi viungio vile vilivyosuguliwa kwa uangalifu. Fremu iliyotengenezwa kwa haraka huwa haina kingo nyembamba kiasi kile.

Jioni niliipindua, nikaisimamisha kwa kiti na usukani, nikasafisha chini ya kile kipande kifupi cha bomba kinachobeba ekseli ya pedeli. Nitakiita bomba la pedeli katika makala hii yote, kwa kuwa ndipo watengenezaji wengi walipogonga namba zao. Mafuta ya taa na mswaki wa zamani viliondoa grisi iliyogandamana na mchanga, na chini ya rangi ya bluu zikaonekana herufi mbili na tarakimu tano. Herufi ya kwanza ilikuwa P. Wakati huo nilijua jedwali moja tu la kusomea herufi kama hizo, na kwa jedwali hilo P ni mwaka 1991, kwa hiyo nikachukua chaki nikaandika 1991 ukutani juu ya baiskeli. Nilikosea kwa miaka minne, na kosa lile ndilo lililonifungulia mlango wa jambo ambalo sasa linanichukulia jioni nyingi za juma.

Waliozoea magari hudhani kwamba namba ya fremu ya baiskeli hufanya kazi kama namba ya chesisi. Kwa magari, tangu 1981 kuna utaratibu wa herufi na tarakimu 17 ambao watengenezaji wengi wanaufuata, na mtu akijua nafasi gani inabeba mwaka na ipi inabeba kiwanda anaweza kusoma magari ya kampuni nyingi. Baiskeli hazikuwahi kupata utaratibu wa namna hiyo. Kanuni za usalama wa baiskeli za Marekani, zilizoanza kutumika katikati ya miaka ya 1970, zinataka fremu iwe na alama isiyoweza kuondolewa bila kuharibika, yenye kutaja jina la mtengenezaji au la mwenye chapa, pamoja na alama ambayo kwayo mtengenezaji ataweza kutambua mwezi na mwaka wa kutengenezwa. Ukiisoma kanuni hiyo polepole utaona kwamba anayetakiwa kuelewa alama ni mtengenezaji mwenyewe. Mnunuzi hakutajwa, wala fundi, sembuse mtu wa Dar es Salaam anayeikuta fremu hiyo miongo mitatu na zaidi baadaye. Kila kiwanda kilijiandikia daftari lake kwa lugha yake, na sisi tunaosoma leo tunasoma barua ambayo hatukuandikiwa.

Ndiyo maana herufi moja ina maana nyingi. Jedwali nililokuwa nalo lilikuwa la Shimano, kampuni ya Japani inayotengeneza gia, breki na krenki, yaani mikono inayoshika pedeli, na ambayo haitengenezi fremu kama yangu hata kidogo. Shimano ilipiga kwenye vifaa vyake herufi mbili ndogo, ya kwanza ikiwa ni mwaka na ya pili mwezi. A ni 1976, B ni 1977, na kuendelea hivyo bila kuruka herufi yoyote hadi Z, ambayo ni 2001, kisha mzunguko ukaanza upya kwa A mwaka 2002. Miezi huenda kutoka A kwa Januari hadi L kwa Desemba. Ni mfumo mzuri mno, mwepesi kukumbukwa, na kwa baiskeli za milimani hauna utata mkubwa, kwa sababu baiskeli ya milimani yenye vifaa vya 1976 haikuwa ikiuzwa dukani popote duniani. Tahadhari ni moja tu, kwamba herufi I na O zimo katika hesabu, kwa hiyo alama inayoonekana kama sifuri kwenye dereila, kile kifaa kinachohamisha mnyororo kutoka gia moja hadi nyingine, inaweza kuwa O ya mwaka 1990.

Siku iliyofuata nilifungua vifaa kimoja kimoja. Mgongoni mwa mkono wa krenki, mahali ambapo mpanda baiskeli haoni kamwe, palikuwa na LC, yaani Machi 1987. Nyuma ya dereila ya nyuma, baada ya kukwangua uchafu uliokuwa mgumu kama lami, ilitokea LD, yaani Aprili 1987. Dereila ya mbele ilisema QF, Juni 1992, na skrubu zake zilikuwa na mng'ao tofauti na nyingine, kwa hiyo ilikuwa wazi kwamba iliwekwa baadaye na mmiliki aliyeharibu ile ya kwanza. Pedeli zilikuwa mpya kabisa na hazikuwa na ushahidi wowote wa kutoa. Nilikuwa basi na fremu niliyoiita ya 1991 iliyofungwa vifaa vya 1987. Kiwanda hakihifadhi krenki kwa miaka minne ndipo kiifunge kwenye fremu mpya. Vifaa hukaa stoo miezi michache, pengine nusu mwaka, halafu huenda kwenye mstari wa kuunganishia.

Na vifaa vyenyewe vilikuwa vikisema jambo hilo hilo hata bila herufi. Breki ya nyuma ilikuwa ya umbo la U, imefungwa chini, kwenye mabomba mawili yanayotoka kwenye pedeli kwenda gurudumu la nyuma. Hiyo ni mitindo ya kati ya 1986 na 1989 hivi. Watengenezaji waliiacha kwa sababu ilikaa mahali panapokusanya tope lote na fundi alipata taabu kuifikia. Vihamisha gia vilikuwa juu ya usukani, vya kusukumwa kwa kidole gumba, ilhali kufikia 1990 na 1991 baiskeli nyingi zenye vifaa vya Shimano zilikuwa zimehamia kwenye vile vya kubonyezwa chini ya usukani. Mtu akishazoea, huanza kuona miaka kama mvuvi anavyoona hali ya maji: uma wenye springi wa RockShox ulianza kuuzwa mwishoni mwa miaka ya 1980, na breki ndefu za Shimano zinazosimama wima kama V zilienea kuanzia 1996. Baiskeli iliyotoka kiwandani na breki hizo haiwezi kuwa ya 1990, hata muuzaji aape.

Kwa hiyo nilirudi kwenye fremu, safari hii kwa kitambaa na kiyeyushi cha rangi badala ya msasa. Nilisugua sehemu ndogo ya bomba la kiti, kadiri ya upana wa vidole vitatu, nikisimama kila mara kuangalia. Rangi ya bluu ilipoanza kulainika, chini yake ikatokea nyekundu iliyokolea, na juu ya ile nyekundu kivuli cha herufi: M, kisha nafasi iliyofutika, kisha Y, A, T, A. Nilikaa chini sakafuni. Ilikuwa Miyata.

Miyata ni kampuni kongwe ya Japani iliyoanzishwa na fundi wa bunduki, Eisuke Miyata, na ujuzi wa kutengeneza mitutu ya chuma ndio uliohamia kwenye mabomba ya baiskeli. Wakusanyaji wa baiskeli za zamani wanaifahamu kwa mabomba ambayo unene wa ukuta wake una viwango vitatu kutoka mwisho mmoja hadi mwingine, ili chuma kiwe kinene pale kinapoungwa na chembamba pale pasipo na mzigo mkubwa. Na wanaifahamu pia kwa namba zake, kwa sababu ni miongoni mwa chache zinazosomeka kwa urahisi: herufi ya kwanza ni mwaka, na A ni 1972. Hesabu kwa vidole kutoka A, 1972, na utafika kwenye P mwaka 1987. Herufi ile ile niliyoisoma 1991 kwa jedwali la Shimano ilikuwa 1987 kwa jedwali la nyumbani kwake, na papo hapo krenki ya Machi na dereila ya Aprili zikakaa mahali pake. Nilifuta chaki ukutani.

Tangu siku hiyo sianzi tena na namba. Naanza na vifaa, kisha natafuta jina la aliyeitengeneza fremu, na mwisho kabisa ndipo nafungua jedwali la mtengenezaji huyo. Namba isiyo na jina la kiwanda ni mlio wa ngoma usiojua unatoka kijiji gani.

Tatizo ni kwamba jina lililobandikwa kwenye baiskeli mara nyingi si jina la kiwanda, na hapa ndipo historia yenyewe ya baiskeli za milimani inapoingia. Zilizaliwa Kaunti ya Marin, California, kwenye miteremko ya Mlima Tamalpais, ambapo kundi la vijana lilikuwa likishuka kwa kasi kwenye fremu za Schwinn, kampuni ya Marekani, za kabla ya Vita vya Pili vya Dunia. Mbio zao za kwanza za kupangwa, zilizoitwa Repack, zilifanyika 21 Oktoba 1976. Mmoja wao, Joe Breeze, alijenga mwaka 1977 fremu mpya iliyokusudiwa kazi hiyo tangu mwanzo, na mwaka 1979 Gary Fisher na Charlie Kelly wakafungua biashara ya kuuza baiskeli zilizojengwa kwa fremu za Tom Ritchey. Wakati huo namba ya fremu ilikuwa hesabu ya mkono ya fundi mmoja. Mambo yaligeuka mwaka 1981, kampuni ya Specialized ilipoleta Stumpjumper, baiskeli ya kwanza ya milimani kutengenezwa kwa wingi, na iliagizwa Japani. Kuanzia hapo baiskeli yenye jina la California ikawa na namba ya Mjapani.

Kisha, tarehe 22 Septemba 1985, mawaziri wa fedha wa mataifa matano tajiri walikutana katika Hoteli ya Plaza, New York, wakakubaliana kuishusha dola. Yeni, iliyokuwa takriban 240 kwa dola moja, ilipanda thamani hadi takriban 150 katika mwaka mmoja na nusu uliofuata. Baiskeli ya Japani ikawa ghali kwa Mmarekani bila ya kubadilika hata spoku moja. Wenye chapa wakahamishia oda zao Taiwan, ambako Giant na Merida, zote mbili zilizoanzishwa mwaka 1972, zilikuwa zinasubiri kazi, na Giant ilikuwa tayari inaitengenezea Schwinn. Uhamisho huo unaonekana kwenye namba. Wakusanyaji husoma G mwanzoni mwa namba ya baiskeli ya chapa nyingine kama alama ya Giant, na M kama alama ya Merida, na ndivyo ninavyozisoma nami ninapokuta Specialized ya miaka ya 1990 kwenye kontena. Lakini naziamini pale tu vifaa na ubora wa uchomeleaji vinapokubaliana nazo, kwa sababu M ya Miyata fulani ni mwaka 1984, na haina udugu wowote na Merida.

Huwa nawaza kwamba fremu yangu ya P, ya 1987, iko katikati ya mpito huo: imetengenezwa Japani wakati ambapo kila kitu kilikuwa kikiondoka Japani.

Mfumo ninaoupenda kuliko yote ni wa Cannondale. Kampuni hii ya Marekani ilikuwa ikijenga fremu za alumini zenye mabomba manene huko Pennsylvania, na baiskeli yake ya kwanza ya milimani, ya mwaka 1984, ilikuwa na gurudumu la mbele la inchi 26 na la nyuma la inchi 24. Namba ya fremu zake za wakati huo, ambayo huwa chini ya bomba la pedeli au kwenye masikio ya nyuma yanayoshika ekseli, imeandikwa karibu waziwazi: kwanza ukubwa wa fremu kwa inchi, kisha tarakimu sita za tarehe, kisha namba ya mfululizo. Rafiki yangu mmoja wa Arusha alinipigia simu akiwa na furaha kubwa. Yake ilianza na 19, ikafuatiwa na 040892. "Imezaliwa tarehe nne Agosti tisini na mbili," alisema, "siku ileile ya harusi ya dada yangu." Nilisikitika kumharibia furaha. Wamarekani hutanguliza mwezi, kwa hiyo ile ilikuwa 8 Aprili 1992. Hakunisadiki mpaka nilipomtumia picha ya fremu nyingine niliyoipiga sokoni, yenye tarakimu 052690. Mwezi wa ishirini na sita haupo, kwa hiyo tarakimu za katikati lazima ziwe siku. Kisha akafungua krenki yake akakuta QB, Februari 1992, miezi miwili kabla ya tarehe ya fremu, kama inavyotakiwa.

Hata hivyo tarehe hiyo si "mwaka wa modeli", na hapa watu wengi hukwama. Viwanda huanza kujenga baiskeli za mwaka ujao katikati ya mwaka huu, ili ziwe dukani mapema. Fremu ya Septemba 1990 kwa kawaida itakuwa kwenye katalogi ya 1991, na anayeitafuta kwenye ya 1990 atasema kwamba rangi yake haipo na kuanza kushuku kwamba imepakwa upya. Namba hizi hazikuambii jina la modeli pia. Kazi hiyo ni ya katalogi: rangi, aina ya viungio, mahali matundu ya kufungia kerea yalipo, njia ambayo waya za gia zinapita, juu ya bomba au chini yake.

Kuna namba nyingine kwenye fremu ambazo hazihusiani na kiwanda kabisa. Baiskeli zinazotoka Japani huja mara nyingi na stika ndogo kwenye bomba la kiti, yenye maandishi ya Kijapani na mfululizo wa tarakimu. Ni usajili wa kuzuia wizi, ambao sheria ya Japani imewataka wenye baiskeli kuwa nao tangu 1994, na maandishi hutaja polisi wa jimbo iliposajiliwa. Mafundi wengi hapa huinakili stika hiyo kwenye risiti wakidhani ndiyo namba ya fremu. Isiachwe ikauziba utambulisho wa kweli, lakini isibanduliwe pia, kwani ndiyo barua pekee ya mmiliki wa kwanza. Kwa zile za Uingereza utakuta herufi na tarakimu zilizochorwa au kugongwa bila mpangilio mzuri, mistari imepinda: huo ni msimbo wa posta wa anwani ya mwenye baiskeli, uliowekwa kwa ushauri wa polisi ili ikipotea ijulikane ilikotoka. Namba ya kiwanda hugongwa kwa mihuri ya chuma inayolingana, na kina chake ni kimoja tangu mwanzo hadi mwisho.

Kuhusu kuisoma, sina siri kubwa. Usitumie msasa wala brashi ya waya, kwa sababu mgongo wa herufi ni mwembamba na chuma cha bomba la pedeli hakirudi kikiondoka. Mafuta ya taa, mswaki, subira. Kisha zima taa ya chumba, lala chini, shika tochi iwe sambamba na fremu, ili mwanga upite kando na kila shimo lijae kivuli. 3 na 8, ambazo mchana zinafanana kabisa, hutengana hapo. Mwisho bandika karatasi nyembamba juu ya namba uisugue kwa penseli laini. Ninalo daftari la karatasi hizo, na pembeni ya kila moja nimeandika herufi za vifaa vyote vilivyokuwa kwenye baiskeli siku niliyoipokea, hata vile nilivyovitupa.

Daftari hilo lilizaliwa na hasara. Kabla ya Miyata nilikuwa na fremu nyingine, nzito kidogo, yenye ufa karibu na bomba la pedeli. Nilimpelekea fundi wa kuchomelea, mtu hodari kwa milango na mageti, nikamwonyesha ufa na kuondoka. Niliporudi ufa ulikuwa umezibwa vizuri, na kwa wema wake alikuwa ameisugua sehemu yote ya chini kwa mashine ili rangi ikae sawasawa. Chini palikuwa laini kama kijiko. Sikuwa nimeinakili namba, sikuwa nimeipiga picha, na vifaa nilikuwa nimeshavigawa kwa baiskeli nyingine bila kuangalia migongo yake. Fremu ile bado ninayo, imetundikwa, na sitaweza kumwambia mtu yeyote ilikotoka. Isitoshe, fremu isiyo na namba hushukiwa kuwa ya wizi, na haki yake, kwa sababu mwizi naye huanza kwa kusugua mahali pale pale.

Miyata imekwenda kupakwa rangi wiki iliyopita, nyekundu ile ile iliyokuwa chini ya bluu. Nilikwenda mwenyewe, nikaipindua mbele ya fundi, nikamwomba aisome namba kwa sauti, naye akaisoma herufi na tarakimu zote saba. Akaniuliza P ni nini. Nilipomweleza, alifungua droo, akakata kipande cha utepe, akaubandika juu ya namba na kuukandamiza kwa kucha ya kidole gumba mpaka pembeni zote zikashika, ndipo akachukua msasa.